Pikipiki yenye njaa chini na shibe juu: uchambuzi wa kisa cha kabureta moja

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya cc 150, silinda moja, mipigo minne, na kabureta ya slaidi, yaani kizibo cha njia ya hewa kinachoinuliwa moja kwa moja na waya wa resi. Mwenye mali alikuwa amebadilisha vitu viwili. Kasha la hewa la kiwandani alilitoa, akaweka kichujio cha wazi chenye umbo la koni. Ekzosi nayo aliiondoa, akafunga nyingine fupi isiyobana moshi. Tangu hapo pikipiki haikutulia. Asubuhi haiwaki bila choki, na choki ikirudishwa mapema inazima. Ikiondoka inakohoa. Kwenye mwendo wa kawaida inasukasuka, mara inavuta mara inalegea, ingawa mkono haujasogea. Ikivutwa resi mpaka mwisho inakuwa nzito, sauti inakuwa nene, na nyuma unatoka moshi mweusi.

Fundi aliyeishika mwanzo alisikia kukohoa, akahukumu kwamba inakosa mafuta, akaongeza jeti kubwa, kile kidude chenye tundu linalopima petroli inayopanda kwenye kabureta. Ya kiwandani ilikuwa namba 105, na namba ikikua tundu linakua. Akaweka 115, kisha 125. Kukohoa kukabaki palepale. Kilichoongezeka ni matumizi ya petroli na ule moshi. Ilipofika kwangu, ombi la mwenyewe lilikuwa fupi: "Fundi, niwekee 130 tuone."

"Subiri kwanza, kaka," nikamwambia. "Inakohoa mkono wako wa resi ukiwa umefika wapi?"

Hakuwa na jibu, na wengi hawana. Mtu atakwambia inasumbua kwenye gia ya tatu, au inasumbua ikifika kasi fulani, na hayo yote ni kweli, ila hayakuoneshi jeti ya kugusa. Kinachoonesha ni kiasi slaidi ilichoinuka wakati tatizo linatokea. Gia ya tatu unaweza kuiendesha kwa resi robo au kwa resi yote, na katika hali hizo mbili petroli inaingia kwa njia mbili tofauti kabisa.

Hewa inapopita kwenye koo la kabureta, mahali palipobana, inaongeza mwendo na shinikizo lake linashuka. Mwitalia Giovanni Battista Venturi aliieleza hali hiyo mwaka 1797, na hadi leo hakuna kilichobadilika. Petroli iliyo kwenye bakuli la chini inagandamizwa na hewa ya kawaida, huku juu ya tundu kuna shinikizo dogo, kwa hiyo inapanda. Kazi ya jeti ni kuibana hiyo petroli inayopanda. Sasa, slaidi ikiwa imefungwa au imeinuka kidogo sana, petroli karibu yote inatoka kwa jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Kuanzia hapo hadi robo, umbo la mkato wa slaidi kwa chini linaanza kuwa na sauti. Kutoka robo hadi robo tatu anayetawala ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi. Jeti kubwa inashika usukani kuanzia robo tatu kwenda mwisho. Mipaka hiyo haikukatwa kwa kisu, kila njia inaingia kidogo kwenye eneo la mwenzake, lakini kwa utambuzi inatosha.

Hapa ndipo kosa la kuongeza jeti kubwa linapoonekana wazi. Sindano ni nyembamba kuelekea ncha, na inasimama ndani ya tundu refu lililo juu ya jeti kubwa. Resi ikiwa robo, sindano bado imezama sana, na uwazi unaobaki kuizunguka ni mdogo kuliko tundu la jeti ya 105, sembuse la 125. Petroli inabanwa pale kwenye sindano. Unaweza kuipanua jeti iliyo chini yake utakavyo, injini haitajua. Itajua siku sindano ikiinuka kiasi kwamba uwazi wake unazidi tundu la jeti, yaani karibu na resi yote. Ndiyo maana huyu bwana alipata moshi mweusi juu na kikohozi kilekile chini: pikipiki ilikuwa na njaa kwenye resi ndogo, na ilishibishwa kupita kiasi mahali ambapo haikuomba.

Kabla ya kufungua chochote nilibandika utepe kwenye mshiko wa resi na mstari mmoja kwenye sehemu isiyozunguka. Nikaweka alama za kufunga, moja ya nane, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Waya wa resi lazima uondolewe ulegevu kwanza, la sivyo alama zote zinadanganya. Kisha barabara iliyo wazi, kupanda kidogo, gia moja, mkono umeshikiliwa kwenye alama kwa sekunde kadhaa badala ya kupita tu. Matokeo yalikuwa hivi: kuanzia kufunga mpaka moja ya nane inakohoa, na resi ikiachwa mizunguko ya injini inachelewa kushuka. Robo mpaka nusu inasukasuka. Robo tatu inavuta vizuri. Mwisho inajaa na kububujika.

Kuna jaribio dogo ambalo napenda kulifanya hapohapo barabarani, nalo ni kuvuta choki kidogo mkono ukiwa kwenye alama inayosumbua. Choki inaongeza uzito wa mchanganyiko, yaani petroli inakuwa nyingi zaidi kwa hewa ileile. Injini ikifurahi, ilikuwa inakosa petroli. Ikizidi kuugua, ilikuwa imezidiwa. Kwenye moja ya nane na kwenye nusu, pikipiki hii ilifurahi. Kwenye resi yote choki haikuhitajika kuuliza swali, moshi ulishajibu. Hapo nilifunga koki ya tangi huku injini ikivuta resi yote. Bakuli lilipoanza kupungua, kabla haijaishiwa kabisa, sauti ikasafika na pikipiki ikajitupa mbele. Ilizidiwa. Jaribio hilo la koki lisifanywe kwenye injini ya mipigo miwili, kwa sababu kule petroli ndiyo inayobeba oili, na dakika ya kukosa petroli ni dakika ya pistoni kukwama.

Hewa ya wizi

Mizunguko inayochelewa kushuka ilinizuia nisiguse jeti yoyote. Jeti ndogo isiyotosha inaweza kuleta hali hiyo, lakini hewa inayoingia kwa mlango usio wake inaleta hali ileile, na ukiongeza jeti ili kuficha uvujaji, umejipangia kazi mara mbili. Silensa nayo, yaani ule mngurumo wa injini isiposhikwa resi, ilikuwa inapanda yenyewe injini ikipata moto.

Nilinyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia kuzunguka raba inayounganisha kabureta na silinda, injini ikiwa kwenye silensa. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta au petroli yenyewe. Inaonesha haraka, na inaweza kuwaka haraka vilevile ikigusa ekzosi ya moto, hivyo mimi nabaki na maji. Upande wa chini wa raba, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo, mngurumo ukabadilika. Ilipotolewa na kukunjwa, ufa ukafunguka. Inaelekea kasha la hewa lilipotolewa, kabureta ilibaki bila kitu cha kuishika kwa nyuma, uzito wake wote pamoja na kichujio kipya ukaning'inia kwenye raba hiyo moja, na mitikisiko ikamaliza kazi. Sijaona mtu anayeuza vichujio hivyo akilieleza jambo hili.

Raba mpya ilifungwa, na kabureta ikapewa kishikizo. Silensa ikakaa, mizunguko ikaanza kushuka kwa wakati. Kikohozi kikapungua lakini hakikuisha, na hilo ndilo nililotaka kujua: sasa kilichobaki ni cha jeti kweli.

Mambo mengine yalikaguliwa upesi. Nafasi za valvu zilikuwa sawa. Tundu la hewa la kifuniko cha tangi lilikuwa wazi. Kimo cha petroli kwenye bakuli nilikipima kwa mpira unaoonesha ndani, uliofungwa kwenye tundu la kumwagia na kusimamishwa kando ya bakuli. Petroli ilisimama pale inapotakiwa. Kipimo hiki watu wengi wanakiruka, na boya linalotawala kimo hicho likipinda linaharibu njia zote kwa pamoja, kuanzia silensa hadi resi yote.

Jeti ndogo na skrubu yake

Skrubu ya mchanganyiko ina tabia mbili kutegemea inakaa wapi. Ikiwa upande wa kichujio, inatawala hewa: ukiifungua, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikiwa upande wa injini, mara nyingi inatawala petroli: ukiifungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Nimewakuta mafundi wazuri wakibishana juu ya hili, kila mmoja akiwa na haki kwa kabureta aliyozoea. Ya pikipiki hii ilikuwa upande wa injini.

Injini ikiwa imepata moto, unaifunga skrubu polepole mpaka iguse, bila kukaza kwa sababu ncha yake inaumia na kuharibu kiti chake. Kisha unaifungua taratibu ukitafuta mahali mizunguko ya injini inapopanda juu kabisa. Kwa skrubu ya petroli, mahali hapo pakiwa kati ya mzunguko mmoja na mitatu hivi ya skrubu, jeti ndogo inafaa. Hapa nilivuka mizunguko mitatu na nusu na injini bado ilikuwa inaomba. Skrubu iliyofunguliwa hivyo haina tena utawala, na mtikisiko unaweza kuidondosha njiani.

Jeti ndogo iliyokuwemo ilikuwa ya 35. Kwanza ilihakikishwa kuwa ni safi, kwa kuangaliwa dhidi ya mwanga na kupulizwa. Kuitoboa kwa waya wa chuma hapana: tundu la unene ule likikwaruzwa, namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena. Iliwekwa ya 38, na injini ikafikia kilele skrubu ikiwa imefunguliwa mizunguko miwili hivi. Pikipiki ikaanza kuondoka bila kukohoa, na asubuhi choki ikahitajika kwa muda mfupi tu.

Kwa nini kichujio na ekzosi viliigusa hata jeti ndogo, ilhali kwenye silensa hewa inayopita ni kidogo? Kwa sababu petroli inapandishwa na tofauti ya shinikizo kati ya bakuli na koo. Kasha la kiwandani linabana hewa kiasi fulani na kusaidia mvuto huo. Likiondoka, mvuto unapungua, na jeti ileile inatoa petroli pungufu. Athari inakua kadiri resi inavyofunguliwa, lakini hata chini ipo. Zaidi ya hapo, pikipiki nyingi za mipigo minne hutoka kiwandani zikiwa nyepesi kwenye resi ndogo ili moshi wake uwe msafi, hivyo hazina akiba ya kupoteza.

Sindano

Kusukasuka kwa robo hadi nusu kulibaki. Sindano ya kabureta hii ina vijia vitano vya klipu, kile kibanio kinachoishikilia kwenye slaidi, na klipu ilikuwa kwenye kijia cha katikati. Kuishusha klipu kijia kimoja kunainua sindano, uwazi unaongezeka, mchanganyiko unakuwa mzito. Kuipandisha ni kinyume chake. Watu wanalichanganya kwa sababu mkono unashusha kitu na athari yake inapanda.

Kabla ya kusogeza niliiangalia sindano yenyewe. Ikiwa upande mmoja unang'aa, imekuwa ikisugua, na tundu linaloipokea huenda limekuwa la umbo la yai. Hali hiyo inaifanya pikipiki inywe petroli nyingi kwenye resi ya kati hata kama kila namba ni ya kiwandani, na hakuna klipu itakayoitibu. Hii ilikuwa nzima. Klipu ikashuka kijia kimoja, kusukasuka kukaisha. Mkato wa slaidi haukuguswa. Kwa matumizi ya kawaida ni nadra kulazimika.

Jeti kubwa inarudi nyuma

Sasa ndipo ilipofika zamu ya jeti ambayo kila mtu alianza nayo. Kutoka 125 nilishuka. Kwenye 120 ububujikaji ulipungua lakini ulikuwepo. Kwenye 115 ikavuta safi mpaka juu. Nilishuka tena hadi 110, makusudi, ili nijue ukingo uko wapi, na hapo jaribio la kurudisha mkono likatoa jibu: ukiwa kwenye resi yote, ukirudisha mkono kidogo sana, injini ikiongeza nguvu badala ya kupunguza, jeti kubwa haitoshi. Kwenye 110 iliongeza. Kwenye 115 ilipungua kidogo kama inavyotakiwa. Ikarudi 115.

Yaani yule fundi wa mwanzo aliipita jeti sahihi njiani. Alipoweka 115 alikuwa amemaliza kazi ya jeti kubwa, lakini alikuwa anasikiliza kikohozi, na kikohozi hakikuwa kinamsikiliza yeye.

Plagi niliisoma mwishoni kwa kuthibitisha tu. Plagi mpya, resi yote kwa umbali wa kutosha, kisha swichi ya kuzimia na klachi kwa wakati mmoja, bila kuiacha injini irudi silensa, maana nusu dakika ya silensa inafuta ushahidi wote. Petroli isiyo na risasi haipaki rangi ya kahawia ya wazi ambayo wazee wa kazi walifundishwa kuitafuta, kwa hiyo ncha nyeupe peke yake isikutishe. Angalia chini kabisa, mahali kauri inapoingia kwenye chuma: pete nyembamba ya rangi ya moshi ni dalili njema, masizi yaliyopanda juu ni mzito, na ncha iliyoota vidonge vidogo ni joto la hatari. Hii ilikuwa na pete nyembamba. Kwa hesabu za vitabuni, petroli inaungua yote kwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, lakini nguvu kubwa inapatikana kwenye 12.5 hadi 13, kwa hiyo alama ya masizi kidogo kwenye resi yote si ugonjwa.

Mwenyewe alileta swali zuri: kuna siku anapanda milimani, kama mita 1,800, je, jeti hii itafaa? Kwa urefu huo uzito wa hewa ni takriban asilimia 84 ya ule wa usawa wa bahari. Hewa inayoingia inapungua asilimia 16, lakini petroli haipungui sawasawa nayo, inapungua asilimia 8 hadi 9 tu, kwa sababu inafuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Mchanganyiko unakuwa mzito kwa kama asilimia 9. Kuusawazisha kunahitaji tundu lenye eneo dogo kwa asilimia hizo 8 hadi 9, na kwa kuwa jeti zake zinahesabiwa kwa kipenyo, hiyo ni asilimia 4 na kitu: kutoka 115 kwenda 110.

Ila namba hizo ziwe za aina moja. Kwa watengenezaji wawili wa kabureta, jeti za Keihin zinahesabiwa kwa kipenyo, 100 ikiwa takriban milimita 1.00, wakati zile za Mikuni za kichwa cha pembe sita zinahesabiwa kwa mtiririko wa petroli kwa dakika. Namba 110 kwenye moja si 110 kwenye nyingine. Na jeti iliyopanuliwa kwa keekee haina namba yoyote.

Nilimshauri abaki na 115. Pikipiki iliyo nzito kidogo mlimani itapoteza nguvu na petroli kiasi. Pikipiki iliyowekwa 110 kisha ikashuka chini na kuvutwa resi yote itapata joto lisilo lake. Akienda kukaa juu kwa wiki kadhaa, basi abadilishe. Nilimwambia pia kwamba kasha la kiwandani lingempa pikipiki tulivu kuliko hii kwa kazi ndogo zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya anachokiita nguvu ni kelele. Hakukubali, na pikipiki ni yake.

Kikabaki kitu kimoja. Akiteremka mlima resi ikiwa imefungwa, ekzosi inalipualipua. Alitaka jeti ndogo ya 40, na kweli, mchanganyiko mwepesi kwenye resi iliyofungwa huleta milipuko hiyo. Lakini silensa ilikuwa nzuri, skrubu ilikuwa kwenye mizunguko miwili, na choki ikivutwa kidogo wakati wa kuteremka milipuko haikupungua. Niliangalia maungio ya ekzosi na silinda: kulikuwa na mstari wa masizi upande mmoja. Gasketi ya zamani ilikuwa imerudishiwa ekzosi mpya, haikukaa vizuri, na kila resi ikifungwa hewa inanyonywa pale na kuwasha petroli isiyoungua ndani ya bomba. Gasketi ikabadilishwa, nati zikakazwa kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Akateremka tena mlima uleule, ekzosi kimya. Jeti ndogo ikabaki 38, klipu kijia cha nne kutoka juu, jeti kubwa 115, na namba hizo zikaandikwa kwa rangi ndani ya kifuniko cha pembeni kwa ajili ya fundi atakayefuata.